Mkalimani Aliyelaza Miwaridi

Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mwaka mzima, na kwa muda mrefu watu wa kanisani waliamini kwamba anafuga paka mkorofi. Hakuwasahihisha. Alikuwa mtu wa kunyoosha maneno ya wengine. Ya kwake aliyaacha yalale yalipoangukia. Sisi tulimwita Papa Mkalimani. Mkewe, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na bei ya nyanya, tulimwita Mama Mkalimani, naye aliitika, akisema heri cheo hicho kuliko kuitwa namba kama kule kambi ya wakimbizi.

Paka hakuwapo. Ilikuwa miiba ya miwaridi. Nimemjua mtu huyu katika miji mitatu ya Kimarekani, Louisville, Columbus na Buffalo, na katika kila mji alikuwa na kipande cha udongo nyuma ya nyumba ya kupanga, na katika kila kipande alipanda kitu ambacho hakiliwi. Wanaume wenzake hawakumwacha. Ibada ikiisha walisimama kwenye maegesho, mikono mifukoni, wakimngoja.

"Papa, wenzako wanalima lengalenga, weye unalima miiba. Mutakula nini?"

"Tutakula harufu."

"Bon, sawa. Basi siku moja utuite mezani, tuje na pua zetu."

Alicheka nao kidogo, kicheko cha mtu aliyetoka shifti, kisha akamtafuta mkewe kwa macho ili waende nyumbani akalale. Alilala popote. Nimemwona amelala kwenye kiti cha plastiki bustanini, mkasi wa kupogolea ukining'inia kidoleni, nyuki akimzunguka sikio.

Mkewe ndiye aliyekuwa na kesi ya kweli juu ya udongo ule. Alitaka lengalenga, yaani mchicha wa kwetu, maharage, na mboga yoyote ambayo ingekubali kuota. Kila masika walipatana upya: nusu yako, nusu yangu. Kila kiangazi nusu ya Papa ilinenepa kidogo upande wa jua. Columbus ndiko ugomvi wao ulikofikia blanketi. Mwezi wa kumi baridi ilipoanza kuuma, Papa alichukua mablanketi mawili mazito tuliyogawiwa wakimbizi siku ya kufika, akaifunga miwaridi yake mitatu kuanzia shingoni mpaka miguuni, akakaza kwa kamba za katoni alizokusanya ghalani alikofanya kazi. Mama Mkalimani alitoka akasimama barazani.

"Miye niko nalala na baridi, miiba iko nalala na blanketi. Ni nani bibi yako humu?"

"Ile maua haina mwili, mama. Weye uko na mwili."

"Mwili! Ngoja usiku uutafute."

Majirani wote wanaojua Kiswahili walilisikia hilo, na kwa wiki nzima Papa Mkalimani hakuonekana dukani. Masika yalipokuja alifungua mablanketi akakuta familia ya panya, wanene, wameitafuna miwaridi mpaka kwenye mifupa yake. Aliyakunja yale mablanketi yaliyooza, akayaweka kwenye pipa la taka, akasema neno moja tu: "Huruma." Sikuelewa siku ile. Baadaye alinieleza kwamba aliifunika mapema mno, ingali macho, ikiwa na majani na joto lake, na kitu chochote ukikifunika kikiwa macho kinawaita wageni. Mmea lazima uachwe uonje baridi kwanza. Lazima ukubali wenyewe kulala.

Lakini ni lazima niseme juu ya kinywa chake, kwa maana huko ndiko alikojulikana.

Louisville, mwaka 2013, familia yetu ilipofika kutoka kambi ya Tanzania nilikokulia, tulipewa nusu ya nyumba, na nusu ya pili ilikuwa yake. Alikuwa ametutangulia kwa miezi minne tu, lakini alikuwa na Kiingereza cha vitabu vya kambini, kigumu na safi. Siku za kazi alipakia masanduku ghalani. Siku za mapumziko hakupumzika: alipigiwa simu na shule, na kliniki, na ofisi, na watu walimngoja mlangoni na barua mkononi. Alisimama nusu hatua nyuma ya mtu anayemsemea, akatazama sakafu, akavusha maneno kutoka upande huu kwenda upande ule kama mtu anayebeba maji kwa bakuli lililojaa. Kabla ya kuanza alitoa onyo lilelile kwa kila mtu. "Mimi ni mdomo tu. Siongezi, sipunguzi."

Watu hawakumwamini mpaka yawakute. Mama mmoja wa kwaya alimchukua shuleni kwa mwalimu wa mwanawe, akitarajia sifa. Papa Mkalimani akamvushia yote: mtoto anasinzia, mtoto anauza peremende darasani, mtoto anatukana kwa lugha tatu. Nje, yule mama alimgeukia.

"Na weye umeyasema yote vile yalivyo?"

"Nimeacha tusi moja, mama. Juu ya sikujua maana yake."

Hadithi hiyo tuliicheka miaka. Nyingine hatukuicheka.

Baba yangu alianza kukohoa wakati wa theluji yetu ya kwanza. Siku ya majibu ya hospitali tulikwenda wanne: baba, mama, mimi, na Papa Mkalimani nusu hatua nyuma. Daktari alikuwa kijana, akazungumza polepole, akigusa meza kwa kidole. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa nusu, na nusu hiyo ilinitosha. Niliona mama akiutazama uso wa mkalimani, si wa daktari. Nadhani uso wa mama ulimwomba. Papa Mkalimani alitazama sakafu, akasema, "Anasema ugonjwa umesambaa. Anasema ni miezi, si miaka."

Daktari akasema neno jingine fupi.

"Anasema pole."

Mama aliuliza, na sauti yake ninaisikia mpaka leo: "Na weye? Weye unasema nini?"

"Mimi sisemi, mama. Mimi ni mdomo."

Kule nje, kwenye maegesho, mama alimwambia mambo ambayo sitayaandika. Kwamba angeweza kuyapunguza. Kwamba angeweza kumwambia mume wake ni mwaka, hata mmoja tu, na mengine akamwambia yeye pembeni, kama watu wanavyofanya kwetu. Baba akamzuia kwa mkono. Papa Mkalimani alisimama akayapokea, kofia mkononi. Alisema tu, "Nikipunguza leo, kesho mutaniamini namna gani?" Baba alikufa kabla ya majira ya joto. Siku zote za matanga, Papa Mkalimani alikuwa jikoni kwetu akiosha sahani. Hakumwambia mama neno la faraja hata moja. Aliosha sahani mpaka vidole vikakunjamana, akaenda kazini, akarudi akaosha tena. Mama alimpa jina: mdomo bila moyo. Hata hivyo mwaka huohuo Papa Mkalimani alipohamia Columbus kwa ajili ya kazi, sisi tulimfuata, kwa sababu mama hakuwa na mtu mwingine wa kumfuata.

Nimefikiri sana juu ya kwa nini mtu wa namna hiyo alipenda mmea wa namna ile. Wengine walidhani ni mambo aliyojifunza kwa mapadri, au kumbukumbu ya nyumbani. Yeye mwenyewe aliniambia ni deni, na akanisimulia lilivyoanza. Mimi nililiona likianza, kupitia dirishani, ila sikujua ninachokiona.

Kwenye ngazi za ile nyumba ya Louisville palikuwa na mwaridi wa zamani, ulioachwa na wapangaji waliotangulia. Tulipofika ulikuwa na maua mekundu ya mwisho. Baridi ilipokuja, majani yakaanguka, vijiti vikawa na rangi ya kutu. Sisi sote tunatoka mahali ambapo mti ukipoteza majani yote umekufa, na mti uliokufa mlangoni si kitu cha kuacha. Papa Mkalimani aliung'oa Januari, mtaa mzima ukimtazama. Alichimba udongo mgumu kwa koleo la kuazima, akavuta, akaukatakata, akaufunga vizuri kwa kamba kama kuni. Mzee wa Kimarekani wa ng'ambo ya uzio alitoka na shati la kulalia, theluji ikiwa juu ya ndara zake.

"Umefanya nini?"

"Umekufa, bwana. Nimesaidia kusafisha."

Yule mzee aliokota kijiti kimoja, akakwangua ganda kwa ukucha. Chini ya ile kutu palikuwa na kijani kibichi, kinang'aa kama kitu kilichomwagika muda uleule. Akamwonyesha. Hakukasirika, nadhani angekasirika ingekuwa nafuu. Akasema, "Ulikuwa umelala tu," akarudi ndani.

Papa Mkalimani alibaki na kile kijiti. Masika yalipofika alinunua mwaridi mdogo uliokuwa umetupwa kwenye rafu ya vitu vya bei iliyopunguzwa, nje ya duka, akaupanda katika shimo lilelile. Na tangu hapo akaweka ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba cha kulia, kwa ajili ya kukwangua. Wanaume wa maegesho walimdhihaki kwa ukucha huo pia.

Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Alichukia kusubiri: foleni ilimtia jasho, na mahubiri yakizidi saa aliangalia saa yake mbele ya mchungaji bila haya. Ila angeweza kuketi mbele ya kijiti kisicho na kitu wiki sita. Alizungumza kwa niaba ya watu mia, lakini simu ikilia akiwa bustanini aliiacha ilie, na ukimuuliza alijibu, "Hapa hakuna mtu ananiomba kusema." Alimwogopa mbwa wa jirani. Hakuogopa kumwambia mkubwa wa ghala, mbele ya watu, kwamba amedanganya, kwa sababu sentensi hiyo haikuwa yake; alikuwa anaivusha. Alisikiliza utabiri wa hali ya hewa kama wengine wanavyosikiliza habari za vita nyumbani, ameinama, mkono kinywani, na ukipita mbele ya redio alikufukuza.

Na alichoka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Kila nilipomwona alikuwa amechoka zaidi kidogo, kama shati linalofuliwa kila siku. Watu wanadhani kuvusha maneno si kubeba. Aliniambia mara moja kwamba masanduku ya ghalani anayaweka chini saa ya kutoka, ila maneno ya kliniki anakwenda nayo nyumbani, na yote ni ya watu wengine, na hakuna hata moja analoruhusiwa kulibadilisha.

Papa na mkewe walihamia Buffalo kiangazi cha 2015, kwa sababu binti yao aliolewa huko na kwa sababu nyumba za kaskazini ya mji zilikuwa na nafasi. Mimi na mama tulibaki Columbus. Papa alikuwa ameacha maghala, mgongo ulikataa. Alipata kazi katika nyumba ya wazee huko Kenmore, kijiji kinachopakana na mtaa wao, akiwaogesha wazee, akiwalisha, akiwageuza kitandani. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, jambo lisilo la kawaida kwake. Alisema amepata mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa bibi mmoja Mmarekani asiyeweza tena kutembea. Alikuwa ametunza miwaridi huko Kenmore miaka mingi kuliko umri wangu. Siku ya kwanza aliishika mikono ya Papa Mkalimani iliyokuja kumwogesha, akaigeuza, akaitazama mikwaruzo, akauliza, "Ya rangi gani?" Kuanzia hapo kuoga kulichukua muda mrefu. Bibi alimfundisha kila kitu ambacho Louisville na Columbus zilimfundisha kwa kumwadhibu. Usipogoe vuli, fupisha tu vijiti virefu upepo usivivunje, uvifunge pamoja kwa kitambaa laini. Usifunike mpaka ardhi iwe ngumu chini ya kiatu. Kisha leta udongo kutoka kwingine, usikwangue wa mizizi, uulimbike shinani mpaka kimo cha mkono hadi kiwiko. Juu yake majani makavu ya mwaloni, na waya wa kuku kuyazuia. Theluji usiiogope, hiyo ndiyo blanketi. Ogopa siku nzuri za joto katikati ya baridi. Na kufunua, usifunue mpaka kichaka cha maua ya njano cha pembeni mwa barabara kichanue. Si siku moja kabla.

Mwezi wa kumi na moja mtoto wa bibi aliuza nyumba ya mama yake. Mnunuzi alitaka sehemu ya kuegesha magari. Bibi hakulia, alichukua karatasi ya chakula cha mchana, akachora ramani nyuma yake: mlango, njia, na msalaba mdogo penye mwaridi mmoja. Miwaridi mingine iende. Huo mmoja, wa rangi ya krimu, alioupanda alipokuwa bibi arusi, Papa Mkalimani auchukue akaulaze kwake. "Niambie ukweli tu," bibi alimwambia. "Kila siku uniambie ulivyo. Wengine humu wananiambia mambo matamu." Alikuwa amempata mtu sahihi.

Papa Mkalimani hakuwa na gari siku hiyo. Aliuchimba kwa saa tatu, akaufunga mzizi na udongo wake kwa gunia lenye maji, akauketisha ndani ya kapu la nguo chafu, akapanda basi nao. Dereva alitazama vile vijiti vya kahawia vilivyofungwa kama mgonjwa.

"Hicho kitu ni kizima?"

"Kimelala."

"Basi kikae nyuma."

Alikaa nyuma nacho, mkono juu yake kila basi liliporuka shimo. Mama Mkalimani alinisimulia haya kwa simu, akicheka na kulalamika pamoja, kwa sababu aliyekuja na kapu alitaka pahali pa jua, na pahali pa jua ndipo tuta lake la lengalenga lilipokuwa liwe. Wakapatana: masika yakifika, mmea ukiwa umekufa, udongo ni wake mama, bila maneno.

Alifanya yote kama alivyofundishwa. Alingoja ardhi ikawa ngumu. Alilimbika, akamwaga majani, akasimika waya. Kila siku ya kazi bibi aliuliza, naye alijibu: theluji imefika kwenye waya, upepo umehamisha majani, nimeyarudisha, sijui, siwezi kuona, umefunikwa. Hata "sijui" bibi aliipenda.

Ila yale majira ya baridi yalikuwa mapole, na ndiyo yaliyomdanganya. Machi joto lilikuja kama ndugu asiyetarajiwa. Watu walivaa mashati. Na bibi alikuwa ameanza kushuka kiafya. Alikula vijiko vitatu, kisha viwili. Papa Mkalimani alikuwa na Machi ya Louisville mwilini, ambako wakati huo kila kitu kimeamka. Kichaka cha njano pembeni mwa barabara kilikuwa bado vijiti. Alikiona. Alikipita kila siku. Jioni moja alipiga magoti akafunua, majani kwanza, kisha udongo, kwa mikono mitupu, akakwangua kwa ule ukucha. Kijani. Kesho yake alimwambia bibi, "Ni kijani," na bibi akashika mkono wake kwa nguvu asizokuwa nazo, akala chakula chake chote. Akasema atangoja ua la kwanza. Juni. Akaacha kushuka. Manesi walishangaa.

Baridi ilirudi Aprili ilipoanza. Nyuzijoto zilianguka kwa siku moja, na alipotoka asubuhi na mablanketi yote ya nyumba, na mkewe nyuma yake akiwa ameshika la mwisho bila kugombana, vijiti vilikuwa vimegeuka rangi.

Mimi nilifika wiki mbili baadaye. Nilikuja kumsalimu, na nilikuja pia na daftari, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuandika na nilitaka kuandika juu yake. Alinipokea mlangoni akiwa amevaa sare ya kazi.

"Mama yako hajanisamehe?"

"Bado, Papa."

"Bon."

Tulizunguka nyuma. Mama Mkalimani alikuwa amekwisha kupima tuta lake kwa kamba na vijiti vinne, na kisiki cha mwaridi kilikuwa ndani ya kamba. Papa Mkalimani alipiga magoti, akakwangua juu: kahawia. Akashuka chini kwa upana wa vidole viwili: kahawia. Akashuka tena. Alifika pale mwaridi ulipounganishwa na mzizi wake, penye kifundo kama goti la mtoto, akakwangua, na tuliona wote watatu. Mkewe alisema polepole, bila ushindi wowote, "Imekwisha hiyo, papa."

"Bibi anajua?" niliuliza.

"Wiki hizi mbili nimepangiwa upande wa pili wa nyumba ya wazee. Leo niko upande wake." Alifuta ukucha kwenye suruali. "Twende. Utamwona."

Njiani kwenda Kenmore, kila pembe ya barabara, vichaka vya njano vilikuwa vimechanua. Alivitazama vyote.

Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, amefunikwa mpaka kidevuni, nywele zake nyeupe zimechanwa. Macho tu ndiyo yaliyokuwa na kazi. Kwenye meza palikuwa na sahani tupu ya chakula. Papa Mkalimani alinitambulisha, na bibi alinipa vidole viwili nivishike, kisha akamgeukia.

"Haya. Machipukizi yamefika wapi?"

Papa Mkalimani alivua kofia. Akafungua kinywa, na nikaona Kiingereza chake, kile kigumu na safi, kikifika kwenye meno na kusimama. Akafunga. Akajaribu tena. Bibi alisubiri akitabasamu, akidhani anatafuta neno zuri.

Ndipo alipozungumza Kiswahili. Alitazama sakafu, akazungumza na mimi, nusu hatua mbele yangu.

"Mwambie umekufa. Mwambie alinikataza kuufunua, na miye nikaufunua juu ya nilitaka kumwona akifurahi. Mwambie si baridi. Ni miye."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiomba mtu amsemee. Bibi alihamisha macho yake kwangu. "Anasema nini?"

Nilimfikiria baba, mkono wake ukimzuia mama kwenye maegesho. Nilimfikiria daktari na kidole chake. Nilijua pia kwamba mtu aliyesimama mbele yangu anajua Kiingereza kuliko mimi, na kwamba atasikia kila neno.

"Anasema bado umelala," nilisema.

Nilingoja anisahihishe. Alikuwa amewasahihisha wachungaji, wakubwa wa maghala, na mimi mwenyewe mara nyingi, kwa kosa la wakati wa kitenzi. Mgongo wake haukusogea.

"Bila shaka," bibi alisema. "Umehamishwa uzeeni, utachelewa. Mwambie asiuchimbe mpaka Juni iishe. Mwambie aurudishie udongo kidogo."

Nilimgeukia, nikamvushia, kana kwamba hakuwamo chumbani. "Anasema usiuchimbe mpaka Juni iishe. Anasema uurudishie udongo."

"Nimesikia," alisema. Kisha, kwa Kiingereza, kwa bibi: "Ndiyo, mama. Nitafanya." Akachukua ile sahani tupu akaenda nayo.

Aliporudi kutoka kazini jioni alinikuta nimekaa ngazini kwake. Aliketi kando yangu na viatu vyake vyeupe.

"Umepunguza," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Amekula tena jioni."

Akayasugua magoti yake, akainuka kwa kushika ukuta, akachukua koleo. Mama Mkalimani alikuwa bustanini, ameinama, akivunja mabonge ya tuta lake. Alinyoosha mgongo alipomwona anakuja na udongo uliotolewa pembeni mwa uzio. Papa Mkalimani aliumwaga shinani mwa kile kisiki, polepole, akakipapasa kwa kiganja pande zote. Kahawia yote ikafunikwa.

"Papa," mkewe alisema. "Si tumeona?"

"Bado," alimwambia.

Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama lile lundo. Nilidhani atacheka, au ataita majirani. Akaweka jembe chini. Akang'oa kijiti kimoja cha kamba yake, akakisogeza hatua mbili upande wa kivuli, lundo likabaki nje ya kamba, akakigongomea tena kwa kisigino.